Dk. Burkitt, daktari wa jicho moja aliyeifuata saratani ya watoto kwa gari kuukuu

WATU wengi wanaofika Mulago, Kampala, wakaambiwa kwamba mtoto wao ana ugonjwa wa Burkitt, hudhani hilo ni jina la ugonjwa tu, kama surua au pepopunda. Si hivyo. Burkitt alikuwa mtu. Alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja, aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20 na kufariki dunia Machi 23, 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.

Nimeamua kumwandika leo kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tunaofanya biashara mipakani, pamoja na ndugu zetu waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizi, tunaishi na kutembea katika ukanda uleule ambao daktari huyu aliupima kwa magurudumu ya gari lake. Pili, kuna maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi sokoni na ndani ya mabasi. Husemwa kwamba dawa ya saratani inaua watoto: uvimbe ulikuwa umeanza kunywea, mama amefurahi, halafu ghafla mtoto akazidiwa na kukata roho. Maneno hayo yana chembe ya ukweli. Chembe hiyo isipoelezwa vizuri, watu huikimbia dawa, na watoto ambao wangepona hufia nyumbani.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 huko Enniskillen, mji ambao leo upo Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali katika wilaya hiyo, lakini alipenda mno kuchunguza ndege. Aliwavisha pete miguuni na kuchora ramani za mahali kila ndege alipoishi. Ukiyafuata maisha ya mwanawe utaona kwamba tabia hiyo ya kuuliza kitu kinapatikana wapi na hakipatikani wapi aliirithi kwa baba.

Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe usoni na watoto wenzake, akapoteza jicho la kulia. Alikwenda Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, kisha akabadili na kusoma udaktari, akahitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 akafaulu mtihani wa upasuaji huko Edinburgh. Alikuwa Mkristo mcha Mungu, na aliamini kwamba kazi yake ipo Afrika. Alipoomba ajira ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta huku kwetu. Akiwa daktari wa jeshi la Uingereza alihudumu Kenya na Somalia, akaiona Uganda, na mwaka 1946 akarudi kama daktari wa serikali. Alipangiwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa nchi.

Huko Lira alikuta wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angeyapasua na kuendelea na zamu yake. Burkitt aliyapasua, lakini pia aliwauliza wagonjwa wanatoka upande gani wa wilaya. Akagundua kwamba wa upande mmoja walikuwa wengi kuliko wa upande mwingine. Aliandika habari hizo katika jarida la madaktari mwaka 1951. Wakati huo alikwisha hamishiwa Kampala, katika hospitali ya Mulago.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote, taya la juu na la chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Akichungulia dirishani alimwona mtoto mwingine ameketi nje pamoja na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka kwenda kumpima, akakuta na tumbo lina uvimbe. Mmoja angeweza kuwa wa bahati mbaya, lakini wawili walimfanya afungue majalada ya hospitali. Humo akakuta watoto wengi wenye uvimbe wa taya, wengine wa tumbo, figo au ovari. Kila kiungo kilikuwa kimeandikwa kama ugonjwa wake. Burkitt aliona kwamba huo ulikuwa ugonjwa mmoja. Alitangaza hilo mwaka 1958. Muda si mrefu wataalamu waliochunguza nyama ya uvimbe kwa darubini hapo Kampala wakathibitisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembechembe za kinga zinazokaa katika tezi na damu.

Swali lake likawa lilelile la Lira: ugonjwa huu unapatikana wapi? Alituma karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika. Majibu yalipokuja alichora ramani, na ukanda ukajitokeza ukikata katikati ya bara, na mkia ukishuka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Ili ajue ukanda unakoma wapi, ilimbidi asafiri.

Oktoba 7, 1961 aliondoka Kampala na wenzake wawili, Dk. Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, na Dk. Cliff Nelson. Gari lao lilikuwa Ford lililotumika miaka saba, lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa majuma kumi walikwenda hadi Johannesburg na kurudi, wakapita katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, mwendo wa maili 10,000 hivi, sawa na kilomita 16,000. Walisimama katika hospitali zaidi ya 50, na kila mahali walitoa picha na kuuliza kama madaktari na wauguzi wamewahi kuona watoto wa aina hii. Sisi tunaozijua barabara hizo, na tunaojua maana ya gari kukwama kwenye tope na safari kulala, tunaelewa kazi waliyoifanya.

Walichogundua ni kwamba mpaka wa ugonjwa haukuwa wa nchi wala wa kabila, bali wa mwinuko. Karibu na ikweta uvimbe ulikuwa nadra sana juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka bondeni. Maana yake ni joto na mvua: palipo na baridi au ukame, ugonjwa haupo. Palipo na mbu wa malaria kwa mwaka mzima, ugonjwa upo. Baadaye Burkitt na wenzake walibaini jambo linalowahusu hasa ndugu waliohamahama. Waliotoka nyanda za juu zisizo na ugonjwa na kushukia mabondeni ya Uganda waliweza kuupata wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji wa mabondeni.

Miezi michache kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Mmoja wa wasikilizaji alikuwa mtafiti kijana, Anthony Epstein. Kuanzia hapo vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kwamba ndani ya chembechembe hizo wameona kirusi kipya. Ndicho kinachoitwa kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kuanzia mwaka 1972 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu ili kuthibitisha uhusiano huo.

Hapa niweke wazi jambo moja. Karibu watu wote duniani hupata kirusi hiki kupitia mate, wengi wao utotoni, na wasiugue saratani yoyote. Mbu naye haambukizi saratani. Kinachotokea ni kwamba malaria ya mara kwa mara huzichosha na kuzichochea chembechembe za kinga za mtoto mwenye kirusi hicho, hadi mojawapo inapoharibika na kuanza kuzaana ovyo. Mtoto mwenye ugonjwa huu hamwambukizi mwenzake. Usimtenge.

Sasa nakuja kwenye dawa. Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona mapema kwamba kisu hakisaidii, maana uvimbe hurudi na kuenea. Mashine za mionzi hazikuwepo Uganda wakati ule. Alianza kujaribu dawa mpya za saratani alizoletewa kutoka Marekani, kama siklofosfamaidi, methotrekseti na vinkristini. Matokeo yaliwashangaza madaktari wa Ulaya na Marekani. Kwa baadhi ya watoto, dozi moja au mbili tu ziliufanya uvimbe wa taya uyeyuke ndani ya siku chache, na baadhi yao hawakuugua tena. Katika miaka ile ambapo saratani iliyoenea ilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo, hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Mwaka 1972 Burkitt alipewa tuzo ya Lasker ya Marekani, pamoja na madaktari wengine akiwamo Profesa Anomah Ngu wa Cameroon na Dk. John Ziegler, Mmarekani aliyekuja Kampala mwaka 1967 kuongoza kituo kipya cha kutibu limfoma hapo Mulago.

Lakini kuyeyuka huko kwa haraka kuna gharama yake, na hapa ndipo ilipo ile chembe ya ukweli. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote. Chembechembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Chembechembe zinazokua kwa kasi hiyo ndizo zinazokufa kwa wingi dawa ikiingia. Kila chembe inayokufa hupasuka na kumwaga vilivyomo katika damu: potasiamu, fosfeti, na vinasaba ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki. Ikiwa uvimbe ulikuwa mkubwa, hasa wa tumbo, mzigo wote huo humwagika kwa saa chache.

Mfanyabiashara wa mpakani ataelewa haraka. Figo ni kama lango la forodha. Malori kumi yakifika kwa siku, yanakaguliwa na kupita. Yakifika mia tano kwa saa moja, lango linaziba na hakuna anayepita. Asidi ya yuriki ikizidi hugeuka chembe ngumu kama mchanga na kuziba mirija ya figo. Fosfeti ikizidi hujishikiza na kalsiamu ya damu, kalsiamu ikashuka, na mtoto huanza kufa ganzi mdomoni na vidoleni, misuli kukakamaa, hata kupata degedege. Potasiamu ndiyo mbaya kuliko zote. Ikipanda sana, moyo hupiga ovyo na unaweza kusimama bila onyo. Kwa hiyo mtoto anaweza kufa wakati uvimbe wake unaonekana wazi kuwa unapungua. Si kwamba dawa ilikuwa sumu. Dawa ilishinda haraka kuliko figo zilivyoweza kuondoa masalia ya vita.

Madaktari walilielewa jambo hili hatua kwa hatua, na wagonjwa wa limfoma hii ndio waliowafundisha. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu potasiamu kupanda baada ya tiba ya Burkitt. Mwaka 1975 ikaandikwa habari ya kalsiamu kushuka na figo kushindwa. Mwaka 1980 ukachapishwa uchunguzi wa wagonjwa 37 wa limfoma ya Burkitt, na mmoja wa walioandika alikuwa yuleyule Ziegler aliyekuwa Mulago. Mwaka 1993, mwaka aliofariki Burkitt, uchunguzi wa wagonjwa 102 wa limfoma kali ulionyesha kwamba asilimia 42 walikuwa na dalili hizo katika vipimo vya damu, lakini ni asilimia 6 tu waliopata madhara ya hatari. Hivyo jambo lenyewe ni la kawaida, ila likitazamiwa mapema wengi hulipita salama.

Kinga yake inajulikana, na sehemu kubwa si ya gharama ya kutisha. Kabla ya dawa ya saratani na baada yake, mtoto huwekewa dripu ya maji mengi, kupita mahitaji yake ya kawaida, ili figo zioshwe na mkojo utoke kwa wingi. Hupewa vidonge vya alopurinoli, dawa ileile wanayomeza wazee wenye jongo, ili asidi ya yuriki isitengenezwe kwa wingi. Wenye uvimbe mkubwa huanzishiwa dozi ndogo, uvimbe upungue polepole kabla ya dozi kamili. Damu hupimwa mara kwa mara na mkojo hupimwa kwa chombo. Ipo pia dawa mpya zaidi, rasburikesi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2001 na Marekani mwaka 2002, ambayo huivunja asidi ya yuriki iliyokwisha kuwamo. Lakini hiyo ni ghali. Tena ni hatari kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi za malaria kama zetu. Figo zikishindwa kabisa, mashine ya kusafisha damu huweza kuzibeba kwa siku chache hadi ziamke.

Mama mmoja ninayemfahamu, muuza vitenge, aliwahi kuniomba ushauri akiwa wodini na binti yake. Siku ya pili baada ya dripu ya dawa, tumbo la mtoto lilikuwa limepungua hata khanga ikalegea. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio ng'ambo ya mpaka, mzigo wake upo kwa watu, na mtaji wenyewe wa kukopa. Alitaka kuondoka na mtoto usiku ule, arudi wiki ijayo. Nilimwambia amuulize muuguzi kwanza. Muuguzi hakumgombeza. Alimwonyesha daftari la mkojo, jinsi ulivyokuwa umeanza kupungua tangu mchana ingawa maji yalikuwa yanaingia. Mama akabaki, gulio likampita. Dripu ilibadilishwa, damu ikapimwa usiku, na siku ya nne mkojo ukarudi. Alipoteza faida ya wiki nzima, na binti yake akaruhusiwa kutoka akiwa anatembea.

Hasara ya siku moja ya soko naijua, wala siidharau. Lakini siku tatu hadi saba za kwanza baada ya dawa kuanza ndizo zenye hatari hii, na hatari hiyo haina heshima kwa uvimbe uliopungua. Basi la usiku halina dripu wala maabara. Mzazi aliye wodini ahesabu mkojo wa mtoto kama anavyohesabu fedha zake, na aseme mara moja ukipungua, au mtoto akitapika, akikakamaa, akichanganyikiwa au moyo ukimwenda mbio. Asimpe vidonge wala dawa za mitishamba bila kuuliza. Hata madafu, ndizi na juisi aulize kwanza, maana vina potasiamu nyingi.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alipata umaarufu wa pili kwa kuhubiri vyakula vyenye makapi, akisema kwamba Waafrika wa vijijini aliowatibu hawakuugua magonjwa mengi ya utumbo kwa sababu ya chakula chao. Kituo cha Mulago hakikufa. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, wakati wa Idi Amin, Profesa Charles Olweny alikishika, na katika miaka migumu iliyofuata Waganda walikiendesha wenyewe. Leo kinajulikana kama Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kuna wanaosema kwamba sifa zote alipewa Mzungu wakati watoto, mama zao na wauguzi waliobeba mzigo walikuwa wetu. Hoja hiyo ina uzito. Hata katika majalada ya hospitali ya Mengo, yaliyoanza kuandikwa miaka mingi kabla yake, watoto wenye uvimbe wa taya wamo. Ninachompa Burkitt ni kwamba alipowaona watoto wawili aliuliza habari za wengine, akaenda kuwatafuta barabarani hata ng'ambo ya mpaka.

Ukimwona mtoto ambaye taya linavimba, meno yanalegea, jicho linatokeza au tumbo linakua kwa majuma machache, usingoje mwezi uishe wala usianzie kwa mng'oa meno. Mpeleke hospitali kubwa wiki hiyohiyo. Na dawa ikianza, uvimbe ukanywea na watu wakakupongeza, kaa palepale hadi daktari atakaposema kwamba figo na damu ya mtoto viko salama.